Paka ndani, samaki ndani: ninavyomlinda Bi Harusi na Karani

Paka wangu anaitwa Karani. Jina alipewa na binti yangu kwa namna anavyokaa mbele ya kitu kinachomtia shaka: mkia kauzungusha miguuni, shingo wima, macho hayapepesi, utadhani anaandika majina ya waliochelewa kazini. Tunakaa ghorofa ya nne, Michenzani, mjini Unguja. Miaka minne iliyopita nilirudi nyumbani na ndoo yenye kifuniko, nimeipakata kwenye boti kutoka Dar, na ndani yake mfuko wa nailoni wenye samaki wa dhahabu wawili. Mmoja mkia wake mrefu na laini kama shela, binti akamwita Bi Harusi. Wa pili ndiye akawa Bwana Harusi. Karani akaja, akakaa mbele ya ndoo, akaanza kuandika.

Bwana Harusi alidumu siku sita.

Tuliwaweka katika bakuli la kioo la mviringo, zawadi ya harusi yetu mie na mke wangu, juu ya kabati la redio. Siku ya sita nimerudi msikitini alfajiri, natia mguu sebuleni, zulia chapachapa. Bakuli limelala ubavu, halikuvunjika hata. Bi Harusi nilimkuta chini ya kochi, ubavu mmoja umeanza kukauka, mashavu yanachezacheza kwa mbali. Bwana Harusi sikumkuta popote. Karani alikuwa dirishani anajilamba mkono.

Sikumpiga. Paka wa nyumba haingwa, wazee walishasema, na kosa lilikuwa langu. Katika nyumba hizi zetu kila mtu anajua kumficha paka samaki aliyekufa: kuna kawa, kuna kichanja, kuna kamba ya kuning'iniza kapu darini. Samaki aliye hai ndiye tunamweka wazi mezani kama ua. Tangu siku ile nimejifunza mengi, mengine kwa kuharibu, na jirani zangu kadhaa wamekuja kuniuliza. Hivi ndivyo ninavyowaambia.

Tangi kwanza, na uzito wake

Bakuli la mviringo liuze, au litie matunda. Lita nne za maji ni kilo nne, na paka mzima ana kilo tatu mpaka tano. Hao wamelingana nguvu, na mmoja wao ana makucha. Isitoshe maji machache namna ile huchafuka upesi, na samaki wa dhahabu ni mchafuzi hodari.

Mimi nilimpa fundi wa vioo vipimo akanitengenezea tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Najaza maji mpaka sentimita 30, ambayo ni lita 54. Ongeza kioo chenyewe na mchanga wa chini, unazidi kilo 70. Karani anaweza kuliegemea, kulisugulia shavu, kulipigia kichwa mchana kutwa, halitikisiki. Kwa samaki mmoja mwenye mkia wa shela nafasi hiyo ni ya kiasi tu, ndiyo maana sijamletea mume mwingine.

Sasa uzito huo unataka meza ya kweli. Si meza ya kahawa, si stuli mbili na ubao. Nimetumia meza yangu ya zamani ya kazi, mbao nene, miguu minne iliyofungwa kwa papi chini ili isiyumbe. Baina ya meza na kioo nimetandika povu jembamba, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ili kioo kisikalie kijiwe kikapasuka.

Wengi hufikiri dawa ni kupandisha tangi juu. Si dawa. Paka mwenye afya anaruka mita moja na nusu bila kujikusanya sana, na kile ulichokipandisha juu ndicho anachokitamani zaidi. Tazama badala yake pale anaporukia. Karani alikuwa anapanda kochi, toka kochi mkono wa kochi, toka pale kabatini. Nilipolisogeza kochi na kuhakikisha juu ya meza haikubaki nafasi ya miguu minne kutua, safari zake zikapungua kwa zaidi ya nusu. Ukingo uliobaki nikaupaka karatasi ya alumini ya jikoni kwa wiki mbili. Paka hapendi mlio wake wala anavyouhisi chini ya nyayo. Alitua mara mbili, akaruka kama kakanyaga makaa, basi.

Kifuniko

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nimekosea mara tatu.

Mara ya kwanza nilitumia kawa. Msinicheke. Lilionekana zuri, limesukwa kwa ukili wa rangi, limefunika mdomo wa tangi kwa pembeni tu maana kawa ni duara na tangi ni refu. Karani alilisukuma kwa pua likaenda chini, akaanza kunywa maji. Kunywa tu, siku ile. Lakini anayekunywa leo amekwisha pima kina.

Mara ya pili nilikata kioo kikafunika tangi zima, kikabana vizuri. Paka akashindwa. Ila ilikuwa Februari, kaskazi limekaza, na maji yalipanda mpaka nyuzi 31. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na samaki wa dhahabu asili yake ni maji ya baridi. Nikamkuta Bi Harusi yuko juu kabisa, mdomo nje, anameza hewa. Unapofunika tangi kwetu huku pwani lazima hewa ipite, kwa sababu maji yanayoruka mvuke ndiyo yanayopoa, kama mtungi unavyopoza. Na ukiwa na beta, yule samaki mdogo wa mapezi marefu anayepigana, yeye huja juu kuvuta hewa kwa mdomo, hivyo mwachie sentimita kadhaa baina ya maji na kifuniko la sivyo unamziba pumzi.

Mara ya tatu nikaenda kwa seremala, akanifanyia fremu ya mbao ya inchi moja, nikaigongelea waya wa kuku wenye macho madogo. Nikaona nimemaliza. Rafiki yangu anayefuga samaki kuliko mie ndiye aliyenishtua: waya ule umepakwa zinki, na mvuke unajikusanya juu yake, unadondoka majini matone kwa matone, na zinki ni sumu kwa samaki. Nikaung'oa siku ile ile.

Ninachotumia sasa ni fremu ile ile na wavu mgumu wa plastiki, macho ya nusu inchi, nimeubana kwa papi juu na chini ili usichomoke ukivutwa. Waya wa chuma kisichoshika kutu nao unafaa, ukiupata. Wavu wa mbu wa dirishani haufai peke yake, kucha moja na umechanika. Katika kona moja nimekata tundu la kupitisha mpira wa hewa na waya wa taa, upana wa vidole viwili, si zaidi. Mkono wa paka hupita pale unapodhani haupiti. Pande mbili kuna vibanio vya kufunga, kwa sababu Karani amejua kuingiza pua chini ya ukingo na kunyanyua.

Kisha kijaribu kifuniko chako kabla paka hajakijaribu. Chukua mchele kilo tano ndani ya mfuko, uweke katikati, uache usiku kucha huku tangi lina maji lakini samaki yuko kwingine. Kikibonyea, rudi kwa seremala. Paka atalala juu yake, hilo usiulize kama, uliza lini. Taa ya juu inapasha joto, na maji chini yake yanamwonesha mchezo wa bure. Mimi nimebadilisha taa nikaweka ya LED isiyopata moto, akapunguza hamu.

Maji nayo yasijae mpaka juu. Nimeacha sentimita tano. Kucha ikipenya jicho la wavu haifiki popote.

Waya na mpira

Mie kazi yangu ni fundi redio, miaka 27, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo kwa ukali. Umeme, maji na paka katika meza moja si mchezo.

Waya wowote unaotoka kwenye tangi uache uning'inie chini kuliko soketi, halafu upande juu kuingia. Yaani uwe na tumbo. Tone likiteremka na waya litaishia kwenye lile tumbo na kudondoka sakafuni, halitaingia kwenye plagi. Hili ni jambo la bure kabisa na nyumba nyingi hawalifanyi. Ukitia mkono majini, chomoa plagi kwanza. Kila siku. Hata kama ni sekunde moja.

Paka wengine, hasa wachanga, hutafuna waya na mpira wa hewa. Nilivipitisha vyote ndani ya bomba jembamba la plastiki, lile la kufanyia wayaringi ukutani, nikalibana kwenye mguu wa meza. Hakuna kinachoning'inia, hakuna cha kurukia.

Pampu ya hewa iweke juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika pampu ikiwa chini, maji yanaweza kurudi kwa mpira na kujimwaga sakafuni, na hapo paka ana sherehe. Kuna kivalvu kidogo cha kuzuia maji kurudi, bei yake ndogo, kitie. Ninayo pia pampu ya betri. Sisi tuliokuwapo Unguja umeme ulipokatika karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hatuamini soketi.

Samaki apate pa kujificha

Kuna hasara nyingine isiyoacha zulia limerowa. Paka hagusi kitu, anakaa tu sentimita kumi kutoka kwenye kioo, saa mbili, macho mawili makubwa. Samaki hajui kioo. Anachokiona ni mnyama anayemvizia na hana pa kwenda. Bi Harusi wiki za mwanzo alikuwa amebana mapezi mwilini, rangi imepauka kama chungwa bovu, chakula hakigusi, akisikia kishindo anajigonga ukutani. Samaki wa namna hiyo huugua upesi, nawe utadhani maji mabaya.

Nilichukua kifuu cha nazi, nikakikata mlango wa ukubwa wa kumpitisha bila kumkwaruza, nikalainisha kingo kwa msasa, nikakichemsha mara tatu nikimwaga maji kila mara mpaka yakaacha kutoka rangi ya chai. Nyumba hiyo. Nyuma na ubavu mmoja wa tangi nimefunika kwa nje kwa kipande cha kanga ya mke wangu, iliyochakaa, kabla hamjauliza. Sasa Karani ana madirisha mawili ya kutazamia badala ya manne, na samaki ana mgongo wa kuegemea. Katika wiki moja mapezi yakafunguka.

Paka akiingia nyumba yenye samaki kwa mara ya kwanza, au kinyume chake, funika pande zote nne siku mbili za mwanzo, kisha funua moja moja.

Na Karani naye

Hutamfundisha paka kwamba samaki si wake. Nimejaribu, nikaonekana mpumbavu mbele ya watoto. Unachoweza ni kumpa shughuli nyingine saa zile damu yake inapochemka, nazo zinajulikana: alfajiri na magharibi. Bwana Harusi aliondoka alfajiri, kumbukeni.

Kwa hiyo kabla ya magharibi binti anamchezea kwa uzi uliofungwa unyoya wa kuku, dakika kumi au robo saa, mpaka Karani ahemeke. Halafu anapata chakula, dagaa waliochemshwa bila chumvi na wali kidogo. Paka aliyewinda kisha akala hulala. Samaki mbichi simpi mazoea, maana baadhi yao, na samaki wa dhahabu yumo, wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Alfajiri nikitoka kwenda msikitini namfungia mlango wa sebule, yeye abaki upande wa jikoni.

Nimempigilia pia kibao dirishani, kinatazama uani kwenye mwarobaini waliojaa kunguru. Wallahi kunguru wa Unguja hawajawahi kumfaa mtu isipokuwa Karani. Anakaa pale anawaandika majina saa nyingi kuliko alizokuwa akimwandika Bi Harusi.

Kumrushia maji kwa chupa, au kumpiga, sikushauri. Atajifunza kukuogopa wewe, na tangi ataliendea ukitoka. Piga kofi moja la mikono, mwondoe, mpe uzi. Bakuli lake la maji safi liwe mbali na tangi, libadilishwe kila siku, asipate sababu ya kwenda kunywa kwa mwenzake. Hasa siku ulizotia dawa ya samaki majini asinywe hata kidogo. Na kopo la chakula cha samaki usiliweke juu ya meza ya tangi. Lile kopo linanuka dagaa watupu.

Mlango mwingine ni dirisha. Kwenye ngazi zetu kuna paka shume mmoja, sikio limepasuka, huyo hajasikia habari za uzi wala unyoya. Dirisha la sebule nimelitia wavu kwa ajili yake.

Sumu zinazowapata wote wawili

Dawa ya mbu ya kupuliza inaua samaki, na pampu ya hewa ndiyo inayoipeleka, kwa sababu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Sebuleni mimi sipulizi kabisa. Ikibidi chumba cha jirani, nazima pampu, nafunika tangi kwa nailoni na taulo lililorowa, paka natoa nje, nafungua madirisha, na baada ya saa moja ndiyo nafunua.

Dawa ya viroboto soma karatasi yake. Zile za mbwa zenye permethrini humuua paka, na ni sumu kali kwa samaki vilevile. Ukimpaka Karani dawa halali ya paka, osha mikono kwa sabuni, suuza sana, na siku hiyo usitie mkono kwenye tangi. Wanaoshauri kupaka mafuta ya ndimu au ya karafuu pembezoni mwa meza ili paka akimbie, waache na ushauri wao. Mafuta hayo makali humdhuru paka akiyalamba manyoyani, na yakidondoka majini humlewesha samaki.

Siku ya kubadilisha maji

Hii ndiyo siku hatari kuliko zote, kifuniko kiko chini na wewe una ndoo mikononi. Usimtoe samaki. Vuta robo ya maji kwa mpira, rudisha maji mapya yaliyokaa saa 24 kwenye dumu lililo wazi ili klorini itoke. Bi Harusi hubaki ndani na Karani hubaki nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, si kusindikwa tu, maana komeo la mkono anajua kulivuta. Mara moja nilimtoa samaki nikamweka kwenye ndoo sakafuni nikaenda kupokea simu. Niliikata simu kwa mayowe ya binti. Karani alikuwa ameshatia mkono mpaka kwapani.

Ukimkuta sakafuni

Rowesha mikono kwanza, mkono mkavu unang'oa ute unaomkinga. Tazama mashavu. Yakicheza, hata kidogo, mrudishe kwenye maji yake mwenyewe ya tangi, usimtie maji mapya ya bomba. Mshike karibu na mapovu ya pampu, usimsukume mbele na nyuma. Zima taa, mwache. Bi Harusi alilala ubavu kama saa moja kabla ya kusimama.

Akiwa na michubuko, mtenge kwenye beseni lenye maji ya tangi na pampu, tia chumvi safi kijiko kimoja cha chai kwa kila lita nne, iyeyushe kwanza pembeni, na maji yabadilishwe kila siku. Gamba lililotoka hurudi. Pezi lililochanika hurudi pia, taratibu. Tundu la jino ndilo baya, jino la paka huingia ndani na kuacha uchafu wake humo.

Akiwa amepasuka tumbo na bado anahema, usimwachie ateseke. Mafuta ya karafuu, haya haya yetu, matone kumi kwa kila lita, uyatikise kwanza kwenye kichupa cha maji vuguvugu maana hayachanganyiki yenyewe, kisha umimine katika chombo kidogo alichomo. Analala, mashavu yanasimama. Mwache humo nusu saa ili uwe na hakika. Maji yale yamwage chooni, chombo kioshe, paka asisogee.

Tukienda Pemba Idi, siku nne tano, Bi Harusi simwachii mtu kumlisha ovyo. Nafunga chakula chake kwenye vikaratasi viwili, chembe za siku moja kila kimoja, nampa mtoto wa jirani pamoja na ufunguo wa sebule. Samaki mzima hadhuriki kwa kukosa siku kadhaa, anadhurika kwa kumiminiwa kopo zima. Ufunguo wa jikoni, aliko Karani, nampa mama yake mtoto. Funguo mbili, mikono miwili, na milango yote miwili isifunguliwe kwa pamoja.